Finjani ya Mheshimiwa Balozi

Finjani ya kahawa iko chini, juu ya zulia, na aliyeiweka siye yule tuliyemngoja.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na kwa hilo nimelaumiwa mpaka sokoni. Haya basi, tusogee kabla kahawa haijapoa.

Aliyelikosa gazeti lile ashike haya machache. Gildas Kermarec, balozi mdogo wa Ufaransa katika nchi ya Khabra, ameingia hemani kwa Amiri Shafi bin Mutlaq akiwa na jambo moja tu kifuani. Dereva wake, Mashari, yumo shimoni mwa Amiri. Anashitakiwa kuvuka mpaka kupeleka maneno kwa Turki, ndugu yake Amiri, yule aliyefukuzwa nchini kwa kukitamani kiti. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, Mashari atatolewa uwanjani, na mwenye upanga ameshaitwa.

Paris imeulizwa, Paris imejibu: hatumjui mtu huyo.

Imebaki njia moja, nayo ni ya mabedui wenyewe. Mgeni akipewa kahawa akaiweka chini bila kuigusa, ana haja. Mwenyeji atamuuliza haja yake, naye akikubaliwa atakunywa. Asipokubaliwa atainuka aende zake, finjani ibaki pale pale na kahawa yake, na aibu hiyo itamfuata mwenyeji kisima hadi kisima. Amiri Shafi anaweza kuzikataa risala za serikali kumi akalala usingizi mnono. Finjani moja haikatai hivi hivi.

Gildas alikuwa ameingoja siku hii kwa roho juu. Mkono wake ulikuwa njiani kushuka na finjani yake. Ndipo alipoiona ya mwenzake imeshatangulia.

Ya Balozi.

Mheshimiwa Aymeric de Bressolles alikuwa mgeni wa juzi juzi, kaletwa kutoka Bern, mji ambako kahawa huja na maziwa, kijiko na kipande cha keki. Hii ya Khabra ilikuwa chungu, ina iliki tupu, na moto wake ulimchoma vidole. Alitafuta meza kwa macho, hakuiona. Akaiweka chini.

Hema zima likamgeukia.

"Makubwa!" akasema Dughaim, binamu yake Amiri, mzee mwenye ulimi usiojua likizo. "Huyu hajakaa vizuri, kashaanza kuomba!"

"Labda anaomba mto," akadakia mwingine. "Mwone anavyokaa kama ngamia mwenye jipu."

Wakacheka. Amiri hakucheka. Aliinua kiganja, vicheko vikakatika.

"Mgeni wetu," akasema, akimtazama Balozi usoni, "finjani yako iko chini. Sema haja yako."

 Mpango wote wa Gildas umekwenda na maji. Neno la mkubwa wa msafara hufunga vinywa vya wote aliokuja nao. Balozi akisema hana haja, basi hakuna Mfaransa mwenye haja ndani ya hema hili. Akainama sikioni mwa mkubwa wake.

"Mheshimiwa, umeweka finjani chini."

"Imeniunguza."

"Huku maana yake unaomba jambo. Amiri anakuuliza unaomba nini. Mbele ya watu wake hawezi kukunyima."

Balozi akainua nyusi. "Ajabu! Jambo lolote?"

"Lolote la heshima. Mheshimiwa, nakusihi. Mwombe Mashari."

Uso wa Balozi ukafunga kama duka wakati wa sala. "Yule dereva?"

"Anakatwa shingo kesho."

"Bwana Kermarec, tulilizungumza hili garini tukalimaliza. Nikimwomba, nimekiri kuwa ni wetu. Nikikiri ni wetu, nimekiri na alikokwenda. Wiki ijayo tunatia saini mkataba wa mafuta." Huku akisema, alikuwa akimtabasamia Amiri kwa meno yote. "Mwambie nashukuru mno, yeye ni mwema kupita kiasi, na katika nyumba yake hatupungukiwi na kitu."

"Mheshimiwa, ukisema hivyo umemzika."

"Nimesema utafsiri, sikusema unishauri."

Hapa, msomaji, lazima nikwambie Gildas ni mtu wa namna gani, la sivyo hutajua alichokitupa.

Alisoma Kiarabu Paris akiwa kijana mwembamba kutoka Bretagne, mwana wa mvuvi wa dagaa. Wakampeleka Jeddah, wakampeleka mji wa Sana, wakampeleka Damaski. Kote huko kazi yake ilikuwa kukaa katikati ya wakubwa wawili na kuhamisha maneno. Alitafsiri uongo wa mawaziri, matusi ya majenerali na rambirambi za watu waliofurahia msiba. Hakuongeza neno, hakupunguza neno. Vijana aliowafundisha kusema "salamu alaykum" wakawa mabalozi, yeye akazeeka na udogo wake. Kule wizarani walisema Kermarec amekula tende nyingi mno, ameshakuwa bedui. Mkewe akachoka na mchanga, akarudi kwao Quimper na binti yao Nolwenn. Jina hilo mabedui walishindwa kulitamka, wakamwita babake Abu Nola.

Miaka yote hiyo Khabra ilikuwa mchanga na mbuzi, na Gildas aliiwakilisha Ufaransa peke yake, yeye na bendera yake iliyopauka. Mafuta yalipotoka, Paris ikakumbuka kwamba nchi hii inastahili balozi kamili. Ikamleta de Bressolles.

Kwa hiyo mtu huyu alikuwa hana cheo, hana mke, hana akiba ya maana. Alichobaki nacho ni ulimi usiosema uongo. Kila bedui kuanzia hapa mpaka mpakani alijua: akisema Abu Nola kwamba fulani kasema, basi kasema.

"Ewe mwenye maisha marefu," akasema Gildas kwa Kiarabu. "Balozi wa Ufaransa anasema hivi: haja yangu ni shingo ya Mashari bin Falah."

Nyuma ya pazia la sufu linalotenga upande wa wanawake, mtu akapiga ukelele mmoja, kisha akajiziba mdomo. Alikuwa Wadha, mamake Mashari, aliyekuwa ameshika miguu ya mamake Amiri tangu asubuhi.

Wazee wakatazamana. Dughaim akapiga goti lake kwa kofi. "Wallahi, kumbe dume! Nami nilidhani kaletwa kututazama tu!"

Amiri Shafi akamwangalia Balozi kwa muda, na mara ya kwanza siku ile kukawa na kitu kama heshima machoni mwake. Akafungua kinywa ajibu.

Laiti angejibu upesi!

Maneno yote yana tafsiri, lakini jina halina. Mashari kwa Kiarabu ni Mashari, na kwa Kifaransa ni Mashari. Balozi alilisikia likipita, na tabasamu lake likaanguka.

"Umesema nini?" akauliza. "Kermarec! Umemwambia nini?"

"Nimemwambia haja yako, Mheshimiwa. Nyamaza kidogo tu. Usiseme kitu, nakuomba kwa Mungu."

"Umemwomba yule mtu? Kwa jina langu?" Balozi akageuka kwa Amiri, akatikisa kichwa, akatikisa na mikono. "Non! Non, non, non!"

Hata ngamia waliofungwa nje walilielewa neno hilo. Na kama vile halikutosha, Mheshimiwa akaichukua finjani yake, akaimimina kooni yote kwa mkupuo mmoja, machozi ya moto yakamtoka, akaigeuza juu chini ili kila mtu aone kwamba haina kitu. Kwake ilikuwa adabu: wenyeji walichukizwa nilipoiweka, basi nimeinywa. Kwa kila aliyekaa pale ilikuwa ni mtu aliyeomba roho, halafu akaifuta haja yake mwenyewe.

"Loo," akasema Dughaim polepole. "Kaomba, kisha kajinyima. Mgeni wa namna hii sijawahi kumwona, na nimeshaona Waingereza."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Abu Nola," akasema Amiri.

"Labeka."

"Siku zote maneno yanayotoka kinywani mwako nimeyanywa bila kuyachuja. Leo umenitilia mchanga."

"Ni kweli, ewe mwenye maisha marefu."

"Huyu hakusema ulivyosema."

"Hakusema."

 Gildas aliinamisha kichwa. Balozi naye, aliyekuwa akijifuta mdomo kwa leso ya hariri, akamsogelea na kumnong'oneza kwa hasira iliyovishwa upole, kama wanavyofundishwa kule wizarani.

"Kuanzia dakika hii hufanyi kazi Ufaransa. Nenda ukakae garini."

Msomaji, Gildas nusura acheke. Mtu aliyefukuzwa si wa msafara. Na asiye wa msafara, neno la mkubwa wa msafara halimfungi! Balozi alidhani anamfungia mlango, kumbe kamfungulia.

Akaubandua utepe mwekundu wa nishani kwenye koti lake, akauweka juu ya goti la Mheshimiwa. Akainuka. Hakwenda garini. Alivuka hema lote, akawapita wazee, akawapita vijana, akaenda kukaa chini kabisa karibu na mlango, kando ya viatu, mahali wanapokaa wapita njia wasio na kabila.

"Kahawa," akasema.

Mwenye dele la kahawa akamtazama Amiri. Amiri akatoa ishara kwa jicho. Kahawa ikamiminwa, kidogo tu chini ya finjani kama desturi. Gildas akaipokea kwa mkono wa kulia, akaiweka kwenye zulia.

"Anafanya nini huyu?" Balozi akauliza huku na huku. Hapakuwa na wa kumjibu, maana mkalimani wake ndiye aliyekuwa akilifanya.

"Sasa umekuja kama nani?" akauliza Amiri.

"Baba wa Nola. Basi."

"Sema haja yako, baba wa Nola."

"Mashari."

"Kwa haki gani? Mtu humwomba wa kwake. Ni mwanao?"

"Hapana."

"Ni wa kabila lako?"

"Hapana."

"Alikimbilia kwako ukampa hifadhi?"

"Hapana, ewe mwenye maisha marefu."

"Basi alikuwa mtumishi wa serikali yako, na serikali yako imekunywa kahawa yake mbele yetu sote. Ni nani kwako, hata umwekee finjani?"

Hapa ningekuwako ningemziba mdomo. Ningemrukia, nimwangushe juu ya vile viatu! Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na kwa huyu, ulimi ndio uliokuwa kazi yake. Angesema "rafiki." Angesema "tumekula chumvi pamoja," na chumvi ingetosha. Lakini mtu aliyesema uongo mara moja tu maishani na ukamgeuka, hukimbilia ukweli kama mtoto anavyomkimbilia mama. Gildas alitaka kuwa mwaminifu tena.

"Shingo yake iko juu yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyemtuma."

Amiri hakusogea.

"Ulimtuma."

"Ndiyo. Hakuwa na kosa isipokuwa kunitii. Kama kuna kosa, ni langu."

"Ulimtuma kwa ndugu yangu Turki."

 Gildas aliona jambo likibadilika katika uso wa Amiri, na akajua amelifanya yeye, ila hakujua bado ni nini.

"Unajua Mashari ametuambia nini tangu tumkamate?" Amiri alisema kwa upole, kama anayemsimulia mgeni habari za mvua. "Alikwenda kumtafuta ngamia wa mamake aliyepotea. Basi. Wamempiga, kasema ngamia. Wamemnyima maji, kasema ngamia. Wakamuuliza usingizini, kasema ngamia. Jana kadhi akanijia akaniambia: Shafi, huna shahidi, na mtu hauawi kwa kutafuta ngamia."

"Lakini upanga... uwanjani... watu wote wanasema..."

"Watu wanasema kwa sababu niliwaachia waseme. Kesho ningemtoa, nimpigishe magoti, upanga uinuliwe, watu walie. Kisha ningemsamehe. Wangeniombea dua mpaka mwakani."

Kweli au uongo, nani ajuaye? Amiri Shafi alikuwa mtu wa kusema lolote liumalo. Lakini kadhi alikuwa amekaa pale pale kuume kwake, na aliinamisha kichwa kukubali.

"Sasa shahidi ninaye," akasema Amiri.

 Nyuma ya pazia hapakuwa na sauti kabisa, na kimya cha Wadha kilimuuma Gildas kuliko ule ukelele. Mwanawe alikuwa ameibeba siri ile kwa mbavu zilizovunjika, na yeye, mzee wa kupima maneno, ameimwaga kwa sentensi moja ambayo hakuna aliyeihitaji.

"Nichukue mimi," akasema. "Nilimtuma mimi, nichukue mimi!"

"Wewe?" Amiri akamtupia jicho Balozi, aliyekuwa akitabasamu kwa wasiwasi. "Hawa hawatamwombea dereva wao aliyeungua jua. Ila nikikugusa wewe, hata kama wamekufukuza, watakumbuka ghafla kwamba walikupenda. Sina haja na ndege zao juu ya hema langu."

 Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni.

"Lakini finjani iko chini. Hatasema mtu kwamba aliweka finjani kwa Shafi bin Mutlaq, akarudi na haja yake. Umeomba shingo yake. Nimekupa. Upanga hautaigusa kesho, wala siku nyingine yoyote nikiwa hai. Kunywa."

"Mungu akuzidishie!" wazee wakaitikia kwa pamoja. "Mungu aurefushe mkono wako!"

Gildas hakuamini. Macho yalimjaa machozi, akainama akaichukua ile finjani kwa mikono yote miwili, mzee wa watu. Ikafika kifuani.

"Ila," akasema Amiri.

Jamani, neno hili "ila"! Limevunja ndoa ngapi, limefunga watu wangapi!

"Ila shingo ndiyo uliyoiomba. Hukuniomba miguu yake, wala macho yake, wala siku zake. Atarudi shimoni. Kule mpakani kulikuwa na watu waliomwonyesha njia, na humu nyumbani kwangu wamo waliompokea. Atakaa kule chini mpaka anitajie. Akishanitajia, atakaa kwa sababu alinificha. Atakuwa hai, Abu Nola. Nitahakikisha yu hai. Madaktari ninao."

"Na nisipokunywa?"

"Basi hukuomba kitu. Shahidi ninaye, na kesho ni Ijumaa." Akapiga makofi mawili. "Mleteni. Aje asikie mwenyewe jinsi alivyoombewa."

Watu wawili walimleta, wamembeba kwapani, maana miguu ilikuwa imevimba haikanyagi. Kijana aliyekuwa akiendesha Landirova kwa mkono mmoja huku akiimba sasa alikuwa na ndevu zilizogandamana na jicho moja limeziba. Hakumtazama Amiri. Alimtafuta Gildas, na alipomwona kakaa kando ya viatu, midomo iliyopasuka ikajaribu kucheka.

"Ami," akasema. "Wamekushusha mpaka huko? Na gari nani kaliendesha? Usiniambie ni wewe. Klachi utakuwa umeshaiua."

"Mashari, mwanangu."

Kisha kijana akaona finjani. Akaona nyuso za wazee, na kadhi asiyetaka kumtazama. Hakuwa mjinga.

"Umewaambia," akasema.

"Nimewaambia."

Mashari akafumba jicho lake zima. "Wallahi, ami. Ngamia yule nilikuwa nimeshampa na jina. Nilishajua mpaka anapenda kula nini."

Amiri mwenyewe ndiye aliyemweleza, kwa maneno machache na bila kiburi: akinywa huyu, utaishi shimoni, asipokunywa, kesho upanga. Mashari alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayeelekezwa barabara.

"Usinywe, ami."

"Mashari, sikiliza. Mtu akiwa hai kuna kesho. Nitakwenda Paris, nitasema na..."

"Na nani? Na huyu?" Akaelekeza kidevu kwa Balozi. "Wewe umeliona shimo? Hujaliona. Mimi natoka huko. Nikirudi nikakaa, nitawataja. Leo sijawataja, lakini nitawataja, najijua. Wana watoto, ami. Usinywe. Kesho ni karibu."

Pazia likavutwa kwa nguvu mpaka kamba ikakatika. Wadha akatoka, mtandio umemwangukia mabegani, mbele ya wanaume wote wale, na hakuna aliyethubutu kumwambia ajifunike.

"Kunywa!" akapiga kelele. "Kunywa, Abu Nola! Nitamtupia mkate kwa juu. Nitakaa pale tunduni nimsemeshe. Kunywa!"

"Mama, rudi ndani."

"Nyamaza wewe! Nilikuzaa wewe ufe?" Akamgeukia Gildas, akamshika koti. "Mwanangu asichinjwe kama mbuzi. Awe kiwete, awe kipofu, awe wangu. Kunywa, nakwambia! Si wewe uliyemtuma?"

"Ami," akasema Mashari, taratibu sasa, na safari hii hakukuwa na mzaha ndani yake. "Sijawahi kukuomba kitu. Uliposema nenda, nilikwenda. Leo nakuomba mimi."

Gildas aliwatazama, mama na mwana, na akaona kwamba hakuna neno katika lugha yoyote aliyoisoma la kuhamisha kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mmoja wao angemlaani mpaka siku ya kufa. Na yule wa pili asingemshukuru.

Hata Dughaim alikuwa ameinamia chini, anakwangua zulia kwa ukucha.

"Kahawa ikipoa haina haja ndani yake," akasema Amiri. "Amua."

Balozi de Bressolles alikuwa amekaa muda wote huo bila kuelewa neno hata moja. Aliona mwanamke analia, mtu mchafu kabebwa, na balozi wake mdogo wa zamani kashika kikombe mbele ya watu waliomkodolea macho. Akatazama saa yake. Akajipinda kuelekea mlangoni, na kwa sauti ya mtu mwema anayetaka kumaliza aibu ya wenzake, akasema kwa Kifaransa:

"Jamani, Kermarec. Ni kahawa tu. Inywe, twende zetu."

Gildas akainyanyua finjani.